Uzi Mwembamba wa Ubavuni

Umekikalia. Asubuhi ulifungua mlango, ukajitupa kitini, ukavuta mkanda ukaondoka, na ubavuni mwa kiti hicho, pale kiwiko chako kinapopasugua kila siku, pana kijitambaa chenye herufi tano ambazo hujawahi kuzisoma. Usinikatalie. Nimeuliza wengi kama wewe, wenye magari na wapanda lifti, wenye shahada na wenye vyeo, na wote hufanya jambo moja: hugeuza macho dirishani. Kitabu cha gari mmekiacha ndani ya nailoni yake tangu siku gari liliponunuliwa. Na aliyewashonea hicho kiti mnamwita "yule mama wa cherehani". Mkiulizwa sura yake hamuikumbuki.

Mimi naikumbuka. Nakumbuka na juma lile zima, na mlioamua kulisahau nitawakumbusha.

Walimwita Haifumuki. Jina alipewa na madereva, kwa sababu mshono wake ulikuwa hauachii. Kiti akikishona yeye, kitambaa kingechakaa, sponji ingebonyea, chuma kingeota kutu, lakini mshono ungebaki pale pale ukimcheka mwenye gari. Alifanya kazi kwenye karakana ya mabati mwisho wa mtaa wa mafundi, kati ya muuza betri na uwanja wa skrepa. Cherehani ile nzito ya kushonea ngozi ilikuwa ya tajiri wa karakana. Vya kwake vilikuwa wembe, subana ya kidoleni, na daftari.

Daftari ndilo nitakalo mlitazame. Lilikuwa la kurasa mia mbili, limefungwa kwa kipande cha mkanda wa gari. Haifumuki aliachia shule darasa la sita, lakini alikuwa na mazoea yake: kila gari lililoingia, kabla hajakivua kiti nguo, alifungua kidroo cha dashibodi, akatoa kitabu kama kipo, na saa ya chakula akala huku anasoma. Kitabu kiliandikwa kwa lugha ya watu wa ng'ambo, lakini picha hazina lugha, na maneno yaliyojirudia aliyanakili, akaenda kumuuliza bintiye wa kidato cha tatu. Mengi yaliyomo daftarini yalihusu magari ya Mwewe. Jina halisi la magari hayo lilikuwa la kigeni na lilikwama kooni, kwa hiyo mtaa mzima uliyaita kwa yule ndege wa bati aliyetua juu ya boneti.

Mwewe walikuwa na lugha yao wenyewe. Kila kampuni ya magari hukibatiza kitu cha kawaida jina la fahari ili kiuzike, na hao walizidi. Breki zisizojifunga kwenye utelezi kwao ziliitwa Garda. Taa zinazojiwasha giza likiingia zilikuwa Lumo. Nyuma ya gari palikuwa na herufi: S, SL, au SLX. Mafundi wa mtaa walikuwa wameapa kwamba X ni injini kubwa.

"Injini ni ile ile, mzee," Haifumuki alimwambia Mzee Gundi, aliyemfundisha kazi, mwanamume mwenye vidole vilivyogandiana kwa gundi ya miaka. "Nimefungua boneti zote tatu. Nimelinganisha namba. Hiyo X iko kwenye kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Sijakijua bado. Lakini si injini."

"Basi ukikijua uniambie kabla sijafa, mwanangu. Nimewatoza watu hela ya injini kubwa miaka mingi."

Ilikuwapo na Pluma. Ndizo hizo herufi tano, zimefumwa kwenye kijitambaa kidogo cha kijivu ubavuni mwa egemeo la kiti, upande wa mlango. Mtaa ulikuwa umeshaamua kwamba Pluma ni daraja la kitambaa. "Kiti cha Pluma" kilikuwa kiti cha mwenye nazo. Wateja walileta magari kuvalishwa kava wakasisitiza, "Ile lebo ya Pluma usinitupie, irudishe juu ionekane." Mafundi wakaibandua, wakaishona juu ya kava jipya kama kishada cha shanga. Haifumuki naye alifanya hivyo. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha.

*

Juma lile alikuwa ametoka kumaliza kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Kiwanda cha sabuni kilikuwa na Mwewe tisa za kusafirisha wafanyakazi, SLX zote, na vumbi la magadi lilikuwa limeanza kula viti. Mumewe ndiye aliyekuwa dereva wa namba nne. Kwa miezi mitatu alimbembeleza ofisa usafiri, bwana mmoja mwenye shada la funguo kiunoni ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Funguo, mpaka kazi ikaletwa kwenye karakana ya mkewe.

Alizivalisha zote tisa kava nene la ngozi bandia. Katika gari tatu, namba mbili, nne na tisa, alikuta mshono wa ubavuni wa viti vya mbele umeanza kuachia. Alivuta uzi akauangalia kwenye mwanga. Mwembamba kama wa kushonea shimizi.

"Kampuni kubwa hivi," alimwambia Mzee Gundi, "wanashonea uzi wa mkopo?"

"Wamekula hela ya uzi."

Akaufumua wote, akashona upya kwa uzi wa nailoni wa nyuzi tatu. Namba nne aliirudia mara mbili, mshono juu ya mshono, kwa sababu hapo ndipo alipokaa baba wa mwanawe. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna aliyetuambia kwamba uko ufa uliowekwa makusudi.

Siku mbili baadaye mwalimu mmoja wa kike alileta SLX yake kuukuu, gari la mkono wa tatu, kiti cha dereva kimechanika pa kukalia. Kidrooni mlikuwa na kitabu, cha kwanza cha SLX kumfikia mkononi; hadi hapo alikuwa amesoma vya S na SL tu. Saa ya chakula Haifumuki alikifungua, mkate mkononi, na alipofika ukurasa wa arobaini na mbili akaacha kutafuna.

Palikuwa na picha ya kiti. Ubavuni mwake kilitokeza kitu kama mto wa kulalia, kimevimba, kimekaa kati ya mtu na mlango. Chini yake neno: Pluma. Pembeni picha nyingine, kiti kimevalishwa kava, na juu ya kava mistari miwili myekundu imekatana.

Mwalimu alipofuata gari lake jioni, fundi alikuwa amekibana kitabu kwapani.

"Mwalimu, naomba hiki kilale kwangu usiku mmoja."

"Kilale tu. Mimi mwenyewe sijakifungua. Kuna nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kilale."

*

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na kibaraza. Binti alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kamusi gotini, mama amesimama, baba amevua viatu, anakanda vidole vya miguu na kuwatazama kama anayetazama mpira wa timu asiyoishabikia.

"Soma polepole," mama alisema.

"Pluma ni... mfuko wa hewa." Binti alifuata mstari kwa kidole. "Umekunjwa ndani ya egemeo, upande wa mlango. Gari likigongwa ubavuni, mfuko unajaa na kutoka nje kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, unamkinga mtu kifua."

"Kwa hiyo miaka yote nimekaa na puto?" baba akacheka. "Mngeniambia, ningekuwa nalipeperusha sikukuu."

"Unatokaje nje?" mama aliuliza. Hakuwa amecheka.

"Unapasua mshono."

"Unapasua nini?"

"Mshono, mama. Ngoja. Mshono wa ubavuni umeshonwa kwa uzi maalumu, dhaifu, uliopimwa ukatike. Usishonwe upya. Kiti kisivalishwe kava. Mfuko ukizibwa..." Binti alifungua kamusi, akakuta neno, akaifunga.

"Malizia."

"Hautatoka. Au utatokea upande usiotakiwa."

Kicheko cha baba kilififia chenyewe, kama moto uliomwagiwa mchanga. Mama alikaa chini sakafuni. Alitazama mikono yake, hiyo mikono iliyosifiwa mtaa mzima, akaigeuza viganja juu.

"Nimekushonea ndani," alimwambia mumewe. "Mara mbili. Nilirudia kwa sababu ni wewe."

"Sikiliza," mume alisema. "Kesho alfajiri, kabla ya zamu, njoo na wembe. Tunaifumua namba nne kimyakimya. Basi. Yameisha."

"Na nane zilizobaki?"

"Hizo si zetu."

"Namba saba anaendesha nani?"

Aliinamia tena vidole vya miguu, akakanda.

"Nakuuliza, baba watoto. Aliyekubeba mgongoni ulipovunjika mguu anaendesha namba ngapi? Na yule nesi wa kiwanda anayekaa mbele kwake kila siku, yeye ni wa nani?"

"Mke wangu, mimi nilipiga magoti kwa Funguo kwa ajili ya kazi ile! Nimwambie nini? Kwamba nilimletea fundi aliyeharibu gari tisa? Atanitoa siku hiyo hiyo. Na hiki kidato cha tatu tutakilipia kwa mshono?"

Binti aliinamisha kichwa, kwa aibu ya kuwa yeye ndiye kidato cha tatu.

"Mficha uchi hazai," mama alisema, na akainuka kwenda kuosha vyombo.

*

Asubuhi hakwenda kiwandani moja kwa moja. Ni hapo ninapomvulia kofia, kwa sababu mwenye hasira angekimbia akapige kelele, na kelele za maskini huzimwa kwa swali moja tu: una uhakika? Yeye alikwenda kutafuta uhakika. Alimshika Mzee Gundi mkono wakaingia uwanja wa skrepa, wakapita kati ya injini na milango mpaka kwenye Mwewe moja ya SLX iliyokunjwa ubavuni kama kopo la maziwa.

Mlango wa dereva ulikuwa umeingia ndani mpaka karibu na usukani. Mfuko ulining'inia kwenye kiti, mweupe, umenywea, kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Haifumuki aliushika mshono. Ulikuwa umepasuka sawasawa kutoka juu hadi chini, kitambaa kizima, na vipande vya uzi vilikuwa bado vimo tunduni. Vyembamba kama vya shimizi.

"Dereva wa hili alizikwa wapi?" Mzee Gundi alimuuliza mwenye skrepa.

"Azikwe ya nini? Alikuja hapa kwa miguu yake juma lililofuata. Tuligombana, anataka redio yake."

Mzee Gundi alikaa juu ya tairi.

"Miaka kumi na miwili nashona viti hivi, mwanangu," alisema. "Na uzi ule nilikuwa nautupa. Nautukana, halafu nautupa."

"Hukujua, mzee."

"Wewe ulijuaje?"

"Nimesoma jana."

Mzee aliinuka kutoka kwenye tairi. "Basi ndiyo X hiyo," alisema. "Ile ya kwenye vitu visivyoonekana. Umeniambia kabla sijafa."

Tajiri wa karakana hakuwa na muda wa machozi ya mzee. Aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, akichokonoa meno.

"Kiwanda kimelipa. Kazi imepokelewa, imesifiwa. Sasa unataka uende ukawaambie tumewauzia jeneza?"

"Nataka nikafumue, tajiri."

"Ukitamka neno moja pale getini, hapa usirudi. Fundi cherehani ni wengi. Wamepanga foleni."

Haifumuki alifungua mtoto wa meza, akachukua wembe, subana na daftari. Vilienea mfukoni.

*

Mlinzi wa kiwanda alimkalisha kwenye benchi karibu na mapipa matupu. Ilikuwa saa tatu. Saa nne aliambiwa ofisa yuko kwenye simu. Saa tano, yuko kwenye kikao. Saa sita Bwana Funguo mwenyewe alipita mbele yake, funguo zikilia kiunoni, akarudi na soda, akapita tena. Nyinyi mmepita hivyo mara ngapi mbele ya benchi la mtu?

Saa saba na nusu aliitwa. Hakuambiwa akae.

"Wewe si mke wa namba nne? Umefuata nini tena?"

Akaeleza. Hakupamba wala hakujitetea. Kava zinaziba mifuko ya hewa, na gari tatu kati ya hizo ameziba mshono wenyewe kwa uzi mzito. Ni kosa lake. Anaomba azifumue leo, bure.

Bwana Funguo alicheka kwa pua. "Mama, mimi nina cheti cha usafirishaji. Nimekwenda semina mbili. Leo fundi wa mito na magodoro anakuja kunifundisha Pluma? Pluma ni ubora wa kitambaa. Dunia nzima inajua."

"Bosi, naomba ufungue kitabu. Ukurasa wa arobaini na mbili."

"Vitabu ni mali ya kampuni. Viko salama."

"Viko wapi?"

Macho ya Bwana Funguo yalimsaliti. Yaliruka hadi kwenye kabati la chuma nyuma yake. Kupitia kioo vilionekana, tisa, vimepangwa kwa kimo, nailoni zinang'aa.

"Madereva ukiwapa, wanavipoteza," alisema.

"Umeshavipoteza, bosi. Umevipotezea kabatini."

Alisema kwa upole. Kwa upole huo huo bwana yule akakasirika hadi shingo ikamvimba. Alifungua mdomo kumfukuza, na wakati huo huo magari ya zamu ya mchana yakaanza kuingia uani, moja baada ya jingine, kupakia watu sitini waliokuwa wakitoka kazini.

Namba nne ilisimama mbele ya dirisha. Mume aliona mgongo wa mkewe kwenye kioo. Alibaki kwenye usukani, injini ikinguruma, na mimi nasema bila kumwonea: aliogopa. Alikuwa na miaka kumi na tisa ya kazi na binti wa kidato cha tatu. Mkono ulikwenda kwenye gia ili aondoke. Kisha bega lake la kulia lilijiegemeza mlangoni, kama lilivyojiegemeza miaka yote, na kiwiko kikagusa kile kijitambaa kilichoshonwa upya juu ya kava, kwa mkono anaoufahamu.

Akazima gari.

Aliingia ofisini bila kubisha, akaweka ufunguo mezani.

"Namba nne imeshonwa na mke wangu," alisema. "Imeshonwa vibaya. Siitoi."

"Unajua unachokifanya?" Bwana Funguo aliuliza.

"Leo ndiyo nimejua, mkuu. Miaka yote nilikuwa naendesha tu."

Mlangoni walikuwa wameshajaa madereva wenzake. Wa namba saba, yule wa mgongoni, alichungulia. "Shemeji, kuna nini? Haifumuki imefumuka?"

"Imefumuka, shemeji. Umekaa kwenye mtego, na mimi ndiye niliyeutega."

Akawaeleza kama alivyomweleza bosi. Wa namba saba alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa. "Mimi sijui kusoma hayo madude. Lakini tangu nimfahamu shemeji, hajawahi kuusema vibaya mshono wake. Akiusema leo, mimi ni nani nibishe?" Ufunguo wa saba ukalia juu ya meza. Wa namba moja akafuata akinung'unika kwamba mkewe atamwua akichelewa kurudi, lakini afadhali auawe na mkewe. Walicheka. Zikawa tisa.

Huko uani watu sitini walianza kuuliza kwa sauti mbona hawaondoki.

Bwana Funguo alitafuta ufunguo wa kabati katika shada lake. Alijaribu mmoja, miwili, mitano. Hakuukumbuka, kwa kuwa hakuwahi kuutumia. Kabati lilipofunguka alichana nailoni, akafika ukurasa, akakodolea macho. Midomo yake ilicheza bila sauti. Haifumuki alimtazama akaelewa, haraka kuliko wote mle ndani, kwamba bwana mwenye semina mbili naye lugha ile imemshinda.

Angeweza kummaliza hapo hapo. Madereva wanane walikuwa mashahidi. Na saa nne na nusu za benchi zilikuwa bado zimemkaa mgongoni. Aliinama juu ya meza, akaweka kidole kwenye ile mistari myekundu.

"Picha inatosha, bosi," alisema. "Hata mimi nilianzia hapo."

*

Alifumua uani, amepiga goti juu ya boksi la sabuni, wembe ukienda *kwaruu, kwaruu*. Kujua kufumua ni ufundi kuliko kushona. Ukikosea unywele mmoja unakata kitambaa. Kava zikadondoka kama magamba. Wafanyakazi waliokuwa na haraka walisahau haraka yao wakasimama kutazama mwanamke akiivunja kazi yake mwenyewe, kazi nzuri, kazi ya kujivunia. Magari sita yaliondoka jua lingali juu, watu wamebanana mle ndani kama njugu, hakuna aliyelalamika.

Zilibaki tatu. Namba mbili, nne na tisa.

"Haya," Bwana Funguo alisema, sasa kwa sauti ya mtu anayeomba amri yake ifuatwe. "Hizi shona tena. Kwa uzi mwembamba kama wa zamani. Na mimi nitaandika ripoti kwamba umerekebisha, kazi ya mume wako haiguswi. Tumalizane."

Sasa sikiliza, msomaji. Uzi mwembamba ulikuwapo dukani kwa bei ya kiberiti. Angeshona saa moja. Kwa macho usingetofautisha. Mume alikuwa pale, anasikia, na jicho lake lilisema kubali.

Haifumuki alimtazama mumewe kwanza, kisha ofisa.

"Siwezi, bosi."

"Huwezi au hutaki?"

"Uzi ule umepimwa. Sijui umepimwa kwa kiasi gani, na nisichokijua sikishoni tena. Nilishakishona mara moja. Kitabu kimesema kiti kiagizwe kwao."

"Nitamwita tajiri wako ashone yeye!"

"Mwite. Akimaliza, mwambie akae yeye, halafu mgonge mlango."

Mtu mmoja kule nyuma alicheka, akanyamaza. Namba nne, namba mbili na namba tisa zikasukumwa ukutani kwa mikono, mume akiwa wa kwanza kusukuma.

Zilikaa hapo siku ishirini na tatu mpaka viti vilipofika ndani ya maboksi yenye picha ya mwewe. Hakuna aliyemshukuru. Mume alipewa barua ya onyo kwa uchochezi. Ameitundika sebuleni penye picha ya harusi, na mgeni akiuliza, anamtuma binti amsomee. Karakana hakurudi. Mzee Gundi alimfuata siku ya tatu, amebeba cherehani yake kuukuu ya miguu kichwani, akaitua kibarazani bila salamu. "Hii haiwezi ngozi nene," alisema. "Lakini ngozi nene yenyewe ndiyo iliyotuponza."

Sasa wanashona hapo wawili. Ukutani binti ameandika kwa chokaa: HAPA UBAVU HAUZIBWI. Kila Jumamosi asubuhi madereva huja na vitabu, maana walividai, na sasa kila gari la kiwanda lina chake kimefungwa kwa kamba. Haifumuki husoma, binti hufasiri, na wanaume wenye mvi hurudia kwa sauti: Garda, Lumo, Pluma. Nimewasikia. Sijapata kusikia darasa linalosoma vizuri namna ile.

Lakini tajiri wa karakana bado anashona. Wapanga foleni aliowataja walikuja kweli, na wanatumia nailoni ya nyuzi tatu, na lebo wanairudisha juu ionekane. Magari waliyoyavalisha hayana alama. Yanapita. Moja huenda limesimama nje ya dirisha lako.

Basi weka chini karatasi hii. Usiseme kesho, kesho utakuwa umeshakaa juu yake. Shuka, fungua mlango wa mbele, pitisha vidole ubavuni mwa egemeo utafute mshono. Ukikuta kava, livue. Ukikuta uzi mnene, usiwashe gari. Kisha fungua kidroo, kichane kitabu nailoni yake, usome. Na usipoelewa, nenda ukamuulize yule mama wa cherehani. Safari hii muulize jina lake, na umpe kiti kabla hujakaa wewe.

Nenda. Nimekwisha kusema. Mbona bado umekaa?